Christopher Reeve, mtu aliyevua miwani

Ndani ya filamu Superman ya mwaka 1978 kuna sehemu fupi ambayo wapenzi wa filamu za mashujaa wanairudilia hadi leo. Superman amekwisha kumzungusha Lois Lane angani usiku juu ya mji, amemrudisha nyumbani na ameruka kwenda zake. Muda mfupi kisha, mlango unagongwa. Ni Clark Kent, mwandishi wa habari anayefanya kazi pamoja na Lois, amekuja kumchukua watoke jioni hiyo kama walivyopatana. Lois anaingia chumbani kutafuta koti. Clark anabaki peke yake sebuleni. Anavua miwani. Mabega yanafunguka, shingo inanyooka, kifua kinajaa, na mtu anaongezeka urefu mbele ya macho ya mtazamaji. Anamwita Lois kwa sauti nyingine, nzito na tulivu, tayari kumpasulia siri yake. Halafu moyo unamshinda. Mabega yanaanguka, miwani inarudi puani, sauti inapanda juu, na Clark yule mwoga amerudi.

Hapo hakuna kamba, hakuna moshi, hakuna ufundi wa picha. Yote yamefanywa na mwili wa kijana ambaye, kamera zilipoanza kazi, alikuwa na miaka 24 tu na jina lake halikujulikana na karibu mtu yeyote nje ya teatri za New York.

Christopher Reeve aliaga dunia tarehe 10 Oktoba 2004. Wengi wanamkumbuka kwa vitu viwili: joho jekundu, kisha kiti cha magurudumu. Kati ya hivyo viwili, mwigizaji mwenyewe amepotea. Hilo ni kosa, kwa sababu bila kazi yake ya uigizaji joho lile lingebaki kitambaa, na hata miaka yake ya kwenye kiti ingekuwa vigumu kuielewa.

Mtoto wa nyumba mbili

Alizaliwa New York tarehe 25 Septemba 1952. Baba yake, Franklin Reeve, alikuwa mshairi na profesa wa lugha ya Kirusi. Ndiye aliyefuatana na mshairi Robert Frost kama mkalimani katika safari ya Umoja wa Kisovieti mwaka 1962. Mama yake, Barbara, alikuwa mwandishi wa gazeti. Ndoa yao ilivunjika watoto wakiwa bado wadogo sana, na mama akahamia Princeton, katika jimbo la New Jersey, pamoja na Christopher na mdogo wake. Watoto walikua wakienda huku na huku kati ya nyumba mbili ambazo wenyewe hawakupatana.

Akiwa na miaka tisa alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza kuimba katika mchezo. Akiwa na miaka 15 alipokelewa kama mwanafunzi wa kazi kwenye tamasha la teatri la Williamstown, Massachusetts, mahali ambapo aliendelea kurudi karibu kila majira ya joto hata alipokuwa na jina kubwa. Alisoma Chuo Kikuu cha Cornell, na kabla ya kumaliza alichaguliwa kuingia shule ya Juilliard, New York. Mwalimu John Houseman aliwapokea vijana wawili tu katika ngazi ya juu mwaka huo. Mmoja alikuwa Reeve. Wa pili alikuwa kijana mfupi, mwenye maneno mengi, aliyechekesha shule nzima: Robin Williams. Urafiki wao ulidumu hadi kifo.

Kazi za mwanzo zilikuwa za kawaida kwa mwigizaji kijana. Alicheza miaka kadhaa katika mfululizo wa televisheni wa mchana, akitoka studio na kukimbilia mazoezi ya teatri. Mwaka 1976 alipanda jukwaa la Broadway akiwa mjukuu wa Katharine Hepburn katika mchezo A Matter of Gravity. Kazi hizo mbili kwa pamoja zilimchosha hadi siku moja akaanguka na kuzirai jukwaani mbele ya watu. Kisha akapata nafasi ndogo katika filamu ya manowari. Basi. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo mkononi siku alipoitwa kwa ajili ya Superman.

Mwembamba kuliko shujaa

Superman alikuwa tayari na miaka karibu 40. Vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimbuni, na mwaka 1938 walimwuza pamoja na haki zote kwa dola 130, biashara waliyoijutia maisha yao yote. Alikuwa amepita katika vitabu vya katuni, radio, na televisheni ambako alichezwa na mwigizaji mwingine mwenye jina linalokaribiana, George Reeves, aliyekufa kwa risasi mwaka 1959. Watu wazima walimchukulia Superman kuwa jambo la watoto, na hata wenye pesa wa Hollywood hawakuamini kwamba mtu mwenye suruali ya kubana na joho anaweza kubeba filamu kubwa.

Alexander Salkind na mwanaye Ilya waliamini. Walinunua haki, na kwa kuogopa hasara wakatafuta majina makubwa. Marlon Brando alipewa dola milioni 3.7, na asilimia ya mapato juu yake, ili aonekane dakika chache kama baba wa Superman. Gene Hackman alichukuliwa awe adui, Lex Luthor. Kwa Superman mwenyewe, mastaa waliombwa na wakakataa. Wengine wakajaribiwa na kushindwa. Hata daktari wa meno wa mke wa Ilya Salkind alivalishwa nguo na kupigwa picha za majaribio! Wakati huo wote, Lynn Stalmaster, aliyekuwa na kazi ya kutafuta waigizaji, alikuwa akirudisha picha ya Reeve juu ya rundo, na wakubwa wakiitupa chini. Sababu yao ilikuwa moja: kijana ni mwembamba mno.

Walipokubali mwishowe kumwona, mkurugenzi wa filamu, Richard Donner, naye aliona kijiti kirefu cha mita 1.93. Lakini katika majaribio ya London, Reeve alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya. Hakujaribu kuonekana mwenye nguvu. Alicheza mtu aliye na nguvu nyingi kiasi kwamba hana haja ya kuzionyesha, mtu mwenye adabu, anayefurahi kukutana na mwanamke yule. Nguo yake ililowa jasho kwapani. Kazi ilikuwa yake.

Baba yake aliposikia, alifurahi kupita kiasi, kwa kuwa alifikiri mwanaye amechaguliwa kucheza Man and Superman, tamthilia ya George Bernard Shaw. Profesa hakuwa anasoma katuni. Furaha ilipungua alipoelezwa ni Superman yupi.

Watengenezaji walitaka kumvalisha nguo yenye misuli ya bandia. Reeve alikataa. Alipewa mwalimu, David Prowse, Mwingereza mnyanyua vyuma ambaye dunia inamjua kama mwili ndani ya nguo nyeusi ya Darth Vader. Kwa wiki nyingi alinyanyua vyuma na kula zaidi ya mara tatu kwa siku, akaongeza zaidi ya kilo 10. Yeye mwenyewe alipokea dola 250,000 kwa filamu mbili zilizopigwa kwa pamoja, kiasi ambacho ni kama chenji tu ukilinganisha na cha Brando.

Watu wawili

Tatizo la Superman ni la kijinga, na kila msomaji wa katuni analijua: inawezekanaje Lois Lane, mwandishi hodari, akae meza moja na Clark Kent kila siku bila kutambua kwamba ni mtu yule yule, kwa sababu tu amevaa miwani? Waigizaji wa kabla ya Reeve waliruka swali hilo. Watazamaji walicheka na kusamehe.

Reeve hakutaka kusamehewa. Alimchukua Clark na Superman kama watu wawili, na kila mmoja akampa mwili wake. Kwa Clark aliangalia uchezaji wa Cary Grant katika Bringing Up Baby ya mwaka 1938, ambamo Grant ni mtaalamu wa mifupa ya kale, mwenye aibu, anayejikwaa kila mahali. Clark wa Reeve anapinda mgongo, anakunja tumbo, sauti yake inatoka puani na kuvunjika. Nywele zinachanwa upande mmoja kwa Clark, upande mwingine kwa Superman. Anapopita mlangoni anaomba radhi kwa mlango.

Lakini uzuri wa kazi hiyo hauko katika orodha ya mbinu. Uko katika jambo dogo ambalo mtu hulitambua akiangalia filamu mara ya pili au ya tatu: Clark ni mchezo wa Superman, na Superman anaufurahia. Katika kichochoro, mnyang'anyi anampiga Lois risasi. Clark anaidaka mkononi, kisha anajifanya amezirai. Lois akiwa amegeuka, anafungua kiganja, anaitazama risasi na kutabasamu. Kwa sekunde moja tunaona mtu wa tatu, yule anayewacheza hao wawili. Mwigizaji wa miaka 24 aliyeweza kuweka tabaka tatu ndani ya tabasamu moja hakupewa heshima aliyostahili na wakosoaji wengi wa wakati ule, ambao walijaza kurasa zao kwa pesa za Brando. Waingereza angalau walimpa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji mpya mwenye matumaini makubwa.

Kuna jambo ambalo watazamaji wa nchi zinazotumia Kifaransa, pamoja na Kongo, wanafaa kulijua. Waliomwona Superman kwa Kifaransa walisikia sauti ya Pierre Arditi, mwigizaji mkubwa wa Ufaransa, aliyemgeuza Clark na Superman kwa ufundi wa hali ya juu. Walipata mwili wa Reeve, hawakupata koo lake. Anayeweza kupata filamu kwa Kiingereza asikilize tena ile sehemu ya miwani, hata kama haelewi neno moja. Na kwa Kiingereza kuna siri nyingine: kijana Jeff East, anayemcheza Clark wa miaka ya shule, hakuachiwa sauti yake. Sauti inayotoka mdomoni mwake ni ya Reeve.

Tena kuna kuruka. Mabango ya filamu yaliahidi kwamba mtazamaji ataamini kuwa mtu anaweza kupaa, na mafundi walihangaika miezi mingi studioni Pinewood, Uingereza, kutimiza ahadi. Kamba, mashine za kuinulia, mfumo wa Zoran Perisic wa kuonyesha picha nyuma ya mwigizaji huku kamera na projekta zikivuta na kusogeza kwa pamoja: vyote vilisaidia, na tuzo maalumu ya Oscar ikatolewa kwa kazi hiyo. Lakini mtu aliyening'inizwa kwa kamba bado ni mtu aliyening'inizwa. Reeve alikuwa rubani. Aliendesha ndege ndogo na zile zisizo na injini, na baadaye alivuka bahari ya Atlantiki peke yake mara mbili. Alijua jinsi bawa linavyoegemea upepo kabla ya kukata kona. Ndiyo maana Superman wake hasukumwi; anaelekeza bega kwanza, macho yanatangulia, mwili unafuata. Waigizaji wengi waliomfuata walipewa kompyuta zenye nguvu kubwa, na bado wanapaa kama mzigo uliotupwa.

Mkurugenzi Donner alikuwa amewaamuru wote wacheze bila mzaha, kama kwamba mambo haya yametokea kweli. Hilo lilikuwa jepesi kwa Hackman, ambaye adui wake ana haki ya kuchekesha. Mzigo ulikuwa wa Reeve. Yeye ndiye alitakiwa kusema, akiwa amevaa nguo ya bluu ya kubana, kwamba hadanganyi kamwe, na ukumbi usicheke. Ukumbi haukucheka. Filamu ilitoka Desemba 1978 na kuingiza karibu dola milioni 300 duniani.

Joho zito

Donner aliondolewa kabla ya filamu ya pili kukamilika, kwa ugomvi wake na watengenezaji, na Richard Lester akaimaliza. Pamoja na vurugu hizo, Superman II ina moja ya sehemu bora za Reeve. Superman ameacha nguvu zake ili aishi na Lois kama mtu wa kawaida. Katika mgahawa wa madereva wa malori anapigwa, anaanguka, na anaona damu yake mwenyewe. Uso wake pale hauonyeshi maumivu kwanza. Unaonyesha mshangao, kama mtoto anayegundua kitu. Si Clark tena, si Superman.

Filamu ya tatu, ya mwaka 1983, ilimpa Richard Pryor nafasi kubwa ya kuchekesha na wapenzi wengi hawaipendi. Wana haki. Ila hata wanaoichukia wanasimama kwenye vita vya uwanja wa magari mabovu, ambapo Superman aliyeharibika, mchafu, mwenye ndevu na harufu ya pombe, anagawanyika na kupigana na Clark Kent. Reeve anapigana na Reeve. Na anayeshinda ni yule wa miwani, yule ambaye dunia nzima inamdharau.

Kati ya filamu hizo alijaribu kwa nguvu zote kutokuwa Superman. Mwaka 1980 alicheza hadithi ya mapenzi Somewhere in Time, ambayo haikupata watu wengi sinemani lakini ikapata wapenzi waaminifu baadaye. Mwaka 1982 alikuwa muuaji pamoja na Michael Caine katika Deathtrap. Alichukua malipo madogo ili acheze The Bostonians ya James Ivory, na mwaka 1993 akarudi kwa Ivory katika The Remains of the Day. Broadway mwaka 1980 alicheza askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam bila miguu, katika Fifth of July, na ili afanye vizuri alijifunza kwa askari halisi jinsi mtu anavyotembea na miguu ya bandia. Street Smart ya mwaka 1987 ilikuwa filamu aliyoipigania itengenezwe. Aliyetoka nayo na jina ni Morgan Freeman, ambaye aliteuliwa kwa Oscar. Watu waliokuja kumwona Reeve walitaka joho. Majukumu mengine yalikuwa kama mavazi ambayo hawakuamini kuwa ni yake.

Ili Street Smart itengenezwe, alikubali kurudi kwa Superman IV chini ya kampuni ya Cannon. Alishiriki kubuni hadithi: Superman anakusanya mabomu yote ya nyuklia duniani na kuyatupa ndani ya jua. Nia ilikuwa njema. Pesa zilikatwa karibu nusu, na mji wa Milton Keynes huko Uingereza ukalazimishwa kuigiza New York, bila kufanikiwa. Filamu ilianguka vibaya mwaka 1987, na yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba lilikuwa janga. Hata hivyo mtu akiiangalia leo, katikati ya picha zile mbovu, kuna mwigizaji mmoja anayecheza kwa uaminifu ule ule wa 1978. Inauma kidogo kumwona.

Santiago, Novemba 1987

Mwaka huo huo, bila kamera za Hollywood, alifanya safari ambayo inapaswa kujulikana zaidi. Nchini Chile, chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Augusto Pinochet, zaidi ya waigizaji 70 walikuwa wamepokea barua za vitisho: watoke nchini kabla ya mwisho wa Novemba, ama wauawe. Kundi la wauaji ndilo lililotia sahihi. Mwandishi Ariel Dorfman, aliyekuwa uhamishoni, alitafuta mtu ambaye sura yake inajulikana na kila mtoto wa Chile, ili asimame pamoja nao. Alimpata Reeve.

Mkewe Dorfman alimweleza hatari yote. Reeve alipanda ndege. Mkutano uliokuwa umepangwa ulizuiwa, watu wakahamia jengo lililokuwa gereji, na humo wasanii walijazana huku polisi wakiwa nje. Mgeni alisoma salamu za waigizaji wenzake wa Marekani. Hakuwa na nguvu yoyote ya ajabu. Ngozi yake ilipitika na risasi kama ya yeyote. Kitu alichobeba ni uso ambao serikali ingeona aibu kuuharibu, naye alijua hivyo. Waigizaji wale hawakuuawa. Mwaka uliofuata, Pinochet alishindwa katika kura ya maoni. Mwaka 2004 Chile ilimpa Reeve nishani ya Bernardo O'Higgins, heshima yake kubwa kwa wageni.

Kizuizi cha tatu

Alijifunza kupanda farasi kwa sababu ya filamu ya Anna Karenina ya mwaka 1985, ingawa mwili wake uliwakataa farasi. Alilazimika kumeza dawa ili asipige chafya. Alipenda mchezo huo, akaanza mashindano. Tarehe 27 Mei 1995 alikuwa Culpeper, Virginia, na farasi aliyeitwa Eastern Express. Mbele ya kizuizi cha tatu farasi alisimama ghafula. Reeve alitupwa mbele, mikono imenaswa katika hatamu, akaanguka kwa kichwa. Mifupa miwili ya kwanza ya shingo ilivunjika. Hakuweza kupumua. Alikuwa na miaka 42.

Siku chache tu kabla, televisheni ya HBO ilikuwa imeonyesha Above Suspicion, filamu ambamo Reeve anacheza polisi aliyepooza. Kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa ametembelea hospitali ya wagonjwa wa uti wa mgongo na kujifunza mambo yao, kisha akarudi nyumbani akishukuru kwamba anatoka kwa miguu yake.

Madaktari wa Charlottesville waliunganisha tena fuvu na uti. Alipopata fahamu na kuelewa hali yake, aliwaza kama isingekuwa bora aachwe afe, na akamwonyesha mke wake, Dana, wazo hilo. Dana alimjibu kwamba uamuzi ni wake, na kwamba yeye atakuwa naye vyovyote vile, kwa sababu aliye kitandani bado ni yule yule. Watoto wake watatu waliingia chumbani, mdogo akiwa bado hajafikisha miaka mitatu. Swali halikurudi tena. Kabla ya upasuaji, mtu aliyevaa nguo za daktari aliingia akizungumza kwa lafudhi ya Kirusi na kudai kumpima mgonjwa sehemu zisizotajika. Alikuwa Robin Williams. Reeve alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Uso tu

Machi 1996 pazia la sherehe ya Oscar lilifunguliwa na Reeve alikuwa katikati ya jukwaa, kitini, akipumua kwa mashine. Ukumbi ulisimama muda mrefu. Kuanzia hapo alitumia jina lake kutafuta pesa za utafiti wa uti wa mgongo, alishinikiza kampuni za bima zisiwaache wagonjwa wakubwa njiani, akapinga vizuizi vya serikali ya George W. Bush juu ya utafiti wa seli za kiini tete. Matunzo yake mwenyewe yaligharimu takriban dola 400,000 kwa mwaka, na alijua kwamba wengi wenye jeraha kama lake hawana hata sehemu ndogo ya pesa hizo.

Si wote walioshangilia. Watetezi wengi wa watu wanaoishi na ulemavu walimlaumu kwa kuzungumza kila mara juu ya kuponywa na kutembea tena, wakati wao walihitaji milango mipana, kazi na heshima leo hii. Tangazo la televisheni la mwaka 2000, lililomwonyesha akitembea kwa ufundi wa kompyuta, liliwachoma zaidi. Kuna watu waliodhani amepona kweli. Lawama hiyo ilikuwa na uzito, na shirika lake lilianza kuweka nguvu pia katika maisha ya kila siku ya waliopooza. Dana ndiye aliyesukuma upande huo.

Lakini alirudi pia kwenye kazi yake, na hapo ndipo mpenzi wa uigizaji anapaswa kumtazama vizuri. Mwaka 1997 aliongoza filamu In the Gloaming. Mwaka 1998 alicheza upya Rear Window kwa televisheni, mtu aliyepooza anayeona uhalifu dirishani, na chama cha waigizaji wa Marekani kikampa tuzo. Mwigizaji aliyejenga jina kwa mabega na mgongo sasa alikuwa na macho, nyusi na sauti, na sauti yenyewe ilifuata mapigo ya mashine: alisema tu pumzi ilipotoka, akangoja iingie. Alijifunza kukata sentensi zake kwa mapigo hayo hadi kungoja kwenyewe kukawa sehemu ya uchezaji.

Mwaka 2003 waliotengeneza mfululizo Smallville, hadithi ya Clark Kent akiwa kijana, walimwita acheze Dokta Virgil Swann, mtaalamu mwenye siri za asili ya Clark. Ndani ya chumba chenye giza, Superman wa zamani anamweleza Superman kijana, Tom Welling, alikotoka. Muziki wa John Williams wa 1978 unasikika chini. Welling anasimama, ana mwili wote. Ila jicho la mtazamaji halimwachi yule aliyeketi.

Mwanzoni mwa Oktoba 2004 alikuwa na kidonda kilichoingiliwa na vijidudu, jambo linalowapata mara kwa mara watu waliopooza. Tarehe 9 alikwenda kumwangalia mwanaye mdogo akicheza hoki. Usiku huo moyo ulisimama, akazama katika koma, na kesho yake akafa katika hospitali ya jimbo la New York. Alikuwa na miaka 52. Dana, ambaye hakuwa mvutaji wa sigara, alikufa kwa saratani ya mapafu Machi 2006, akiwa na miaka 44. Watoto wanaendelea na shirika lenye majina ya wote wawili.

Mwaka 2023 filamu The Flash ilimrudisha kwa kompyuta: sura yake, joho lake, akisimama hewani bila kufanya lolote. Wapenzi wake wengi walikasirika, na si ajabu. Sura ilikuwepo, lakini hakukuwa na mtu wa kupunguza mabega. Miaka miwili baadaye James Gunn alitoa Superman mpya na David Corenswet. Katikati ya filamu hiyo mwandishi wa habari wa televisheni anaonekana kwa muda mfupi akitoa taarifa kutoka mjini Metropolis. Ni Will Reeve, yule mdogo wa hoki, na utangazaji ndiyo kazi yake ya kweli.